Homa isiyoshuka wodini: kupambanua malaria, taifodi, kifua kikuu, brusela na wenzao, Mtwara na Lindi

Njia iliyozoeleka ni hii. Mtu mzima analazwa na homa, kipimo cha haraka kinaonyesha malaria, anachomwa artesuneti na kumezeshwa dawa mseto. Homa haishuki, anaongezewa antibayotiki ya seftriaksoni. Bado. Majibu ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, yanarudi na namba, anaanzishiwa antibayotiki nyingine, siprofloksasini. Wiki ya tatu inaingia na jioni kipimajoto kinasoma 39. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, lakini kila hatua pia imefuta alama ambayo ingemwonyesha daktari wa zamu inayofuata pa kutazama.

Ulinganisho huu ni kwa matabibu, madaktari na wauguzi wa wodi za watu wazima huku kusini, na kwa ndugu wa mgonjwa wanaotaka kujua waulize nini. Msimamo wetu ni mmoja: homa ikigoma, acha kulinganisha dawa na dawa. Linganisha ugonjwa na ugonjwa, miwili miwili, na utafute kitu kimoja kinachoitenganisha.

Tangu mwaka 1961, Petersdorf na Beeson walipoweka kipimo chao, homa isiyojulikana chanzo huitwa hivyo ikivuka nyuzi 38.3 mara kadhaa, ikidumu zaidi ya wiki 3, na mgonjwa akiwa amechunguzwa hospitalini wiki nzima bila jibu. Mwaka 1991 Durack na Street waliigawa katika makundi manne: ya kawaida, ya mtu aliyeipata akiwa amelazwa, ya mwenye upungufu mkubwa wa chembe nyeupe, na ya mwenye VVU. Kwa wodi zetu mgawanyo huo wa 1991 ndio wenye manufaa zaidi, maana swali la kwanza kabisa ni hili: homa alikuja nayo, au ameipatia kitandani?

Muda ndio mchujo wa kwanza

Kabla ya kipimo chochote, hesabu siku tangu homa ianze, na usihesabu tangu alazwe. Dengi na chikungunya huishusha homa yao ndani ya siku kama kumi. Homa ya mgunda (leptospirosi) kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili, ingawa inaweza kupumzika katikati na kurudi. Taifodi isiyotibiwa huenda hadi wiki ya nne. Homa iliyovuka mwezi kwa mtu anayekonda huyaacha nyuma yote hayo, na wanaobaki uwanjani ni kifua kikuu, brusela (ugonjwa utokao kwa mifugo), vali ya moyo iliyoambukizwa, jipu lililojificha, saratani ya damu au ya matezi, na magonjwa ya kinga kama lupasi. Ndugu akisema "alianza wakati wa kuokota korosho" na sasa ni Februari, ametoa jibu kubwa kuliko Widal.

Malaria iliyobaki, au vimelea vilivyokuwa vinapita njia?

Malaria kali iliyotibiwa sawasawa kwa artesuneti ya sindano (miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza) huacha homa ishuke ndani ya siku mbili hadi tatu. Siku ya nne homa ikiwa bado juu, kuna maswali mawili.

Je, dawa ilifika mwilini? Dawa mseto kwa mtu wa kilo 35 na zaidi ni vidonge 4, mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Inahitaji mafuta ili inyonywe: wali wa nazi, maziwa au karanga vinatosha, uji mtupu hautoshi. Aliyetapika ndani ya nusu saa arudie dozi.

Je, kipimo kinasema kweli ya leo? Kipimo cha haraka hunasa protini ya kimelea inayoitwa HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki mbili hadi nne, kwa wengine zaidi, hata vimelea vikiwa vimekufa. Kipimo chanya siku ya kumi baada ya matibabu kinakuambia alikuwa na malaria, hakikuambii anayo. Hapo inatakiwa slaidi, na maabara iandike idadi ya vimelea, isiishie kwenye "vipo" au "havipo".

Tena kuna jambo linalotuhusu sana huku pwani ya kusini. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria anaweza kubeba vimelea vichache bila kuumwa. Akija na homa ya kifua kikuu, slaidi yake bado itakuwa na vimelea. Mtibu malaria, ndiyo, lakini usifunge faili. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto na watu wazima: 528 waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Kilimanjaro ina malaria kidogo kuliko Mtwara, kwa hiyo namba hizo hazihamishiki kama zilivyo. Kinachohamishika ni tabia ya kuandika malaria na kuacha kutafuta.

Taifodi dhidi ya kifua kikuu

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tutakaa zaidi.

Taifodi hupanda kwa ngazi katika wiki ya kwanza, kisha hukaa juu mchana na usiku. Mtu mzima mara nyingi hufunga choo kabla ya kuharisha. Anaumwa kichwa, tumbo limejaa, bandama huvimba kidogo. Hatari yake iko wiki ya tatu: utumbo unatoboka, tumbo linakuwa gumu ghafla, na pengine joto linashuka, jambo linaloweza kuwafurahisha watu wakati mgonjwa anakufa. Kifua kikuu kilichosambaa mwilini hakina haraka hiyo. Homa hupanda jioni, shuka linalowa jasho usiku, suruali inahitaji mkanda mpya. Kikohozi kinaweza kukosekana kabisa, na picha ya kifua inaweza kuwa safi, hasa kwa mwenye VVU ambaye CD4, chembe zake za kinga, zimeshuka. Picha safi haikifuti kifua kikuu.

Widal haiwezi kuamua kati ya hawa wawili. Inapima kingamwili, na kingamwili hubaki baada ya maambukizi ya zamani, au hupanda kwa sababu ya salmonela wengine, yaani ndugu za kijidudu cha taifodi. Matokeo ya mara moja ya 1:80 au 1:160 hayathibitishi chochote. Kinachoamua ni kuotesha damu, na kuotesha damu kunashindwa kwa sababu zinazojulikana: damu ilitolewa baada ya antibayotiki, damu ilikuwa kidogo, au ngozi haikusafishwa.

Utaratibu ni huu. Toa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, chupa mbili, kutoka mikono miwili tofauti. Pangusa ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti, subiri sekunde 30 ikauke, usiguse tena kwa kidole. Pangusa kizibo cha mpira cha chupa kwa spiriti. Usitoe damu kwenye kanula (mrija wa dripu mshipani) iliyokwisha kukaa. Usiweke chupa kwenye friji: wadudu hufa, na majibu yatakuja "hakuna kilichoota". Hata ikifanywa vizuri, damu hunasa taifodi karibu nusu ya wagonjwa tu. Uroto wa mfupa hunasa zaidi, na unafaa kwa yule aliyekwisha kumeza dawa.

Kwa kifua kikuu, peleka makohozi kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu hicho. Asiyekohoa apuliziwe mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 3, sehemu yenye hewa ya kutosha, ili atoe makohozi. Mwenye VVU aliyelazwa apimwe pia LAM ya mkojo, masalia ya kijidudu cha kifua kikuu: kipande cha karatasi, matone machache, dakika 25. Ikiwa chanya, anza dawa siku hiyo. Ikiwa hasi, hujatoka popote, endelea kutafuta. Ultrasaundi ya tumbo na kifua husaidia sana kwa mgonjwa huyu: matezi ya tumbo yaliyozidi sentimita 1.5, vitone vyeusi vidogo ndani ya bandama, au maji kwenye mfuko wa moyo, kwa mwenye VVU vinaelekeza kifua kikuu kwanza.

Sasa kuhusu dawa. Levofloksasini na ndugu zake, siprofloksasini akiwemo, humpiga kifua kikuu nusunusu. Mgonjwa anapata nafuu ya wiki moja kwa dawa ya "taifodi", anaruhusiwa, anarudi amekonda zaidi, na makohozi yanakuwa na vijidudu vichache vya kunasa. Kama kifua kikuu kimo kwenye orodha yako na mgonjwa hayuko hatarini, chagua seftriaksoni (gramu 2 kwa siku, siku 10 hadi 14) au azithromaisini kwa taifodi. Na usikate tamaa siku ya tatu: taifodi inayotibiwa sawasawa kwa seftriaksoni huweza kuchukua siku 5 hadi 7 homa kushuka. Kubadilisha dawa siku ya tatu ni kuvuruga majibu.

Mwenye VVU ana orodha yake. Homa na kichwa kuuma kwa wiki mbili, hata shingo ikiwa laini, apimwe antijeni ya kriptokoka (fangasi anayeshambulia utando wa ubongo) kwenye damu, na ikiwa chanya yatolewe maji ya uti wa mgongo na kupimwa mgandamizo. Anayeharisha na kupata homa za kurudiarudia anaweza kuwa na salmonela wasio wa taifodi kwenye damu. Na aliyeanza ARV ndani ya miezi mitatu iliyopita, homa yake inaweza kuwa kinga inayoamka na kukikuta kifua kikuu kilichokuwa kimelala; hapo ARV hazisimamishwi hovyo.

Brusela dhidi ya kifua kikuu: mtego uko kwenye rifampisini

Zamani swali la mifugo lilikuwa halina uzito sana Lindi. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, ng'ombe wengi waliletwa Kilwa, Liwale na Nachingwea, na maziwa yakaanza kuuzwa vijijini. Kwa hiyo uliza: anakunywa maziwa yasiyochemshwa au mtindi wa maziwa mabichi? Amezalisha mbuzi kwa mikono mitupu? Anachinja?

Brusela hutoa homa inayokuja na kuondoka kwa wiki au miezi, jasho jingi, maumivu ya kiuno na nyonga, na kwa mwanamume pumbu moja linaweza kuvimba. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho huuma mgongo, lakini hupenda sehemu ya chini ya kifua na juu ya kiuno, huila pingili mpaka mgongo utoe kibyongo. Brusela hukaa chini zaidi, na pingili husimama kwa muda mrefu. Kipimo cha damu cha brusela kiitwacho Rose Bengal ni cha haraka na rahisi. Kikiwa chanya kithibitishwe. Ukipeleka damu kuotesha, waambie maabara kwamba unashuku brusela, kwa sababu huambukiza wanaoishika.

Matibabu ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na ama rifampisini wiki 6, ama jentamaisini ya sindano siku 7 hadi 10. Kwa mazingira yetu tunapendelea jentamaisini pale figo zinaporuhusu. Rifampisini ni nguzo ya dawa za kifua kikuu. Ukimpa kwa brusela mtu ambaye kumbe ana kifua kikuu, unamtibu kwa dawa moja ya kweli na kumfundisha mdudu kuipinga. Wiki 6 zikikatwa kuwa 2, brusela hurudi.

Homa ya mgunda na chikungunya

Haya mawili tunayapitia haraka, kwa sababu ni nadra kufika wiki ya tatu, lakini ni ya kwetu. Jina chikungunya limetoka Kimakonde, kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, likieleza mtu anavyopinda kwa maumivu. Na Julai 2022, kata ya Mbekenyera wilayani Ruangwa ilipata ugonjwa wa homa, kichwa na kutokwa damu puani. Wagonjwa 20, vifo 3. Ebola na Marburg zilipimwa zikawa hasi, na serikali ikatangaza kuwa ni leptospirosi, homa ya mgunda, yaani ya shambani.

Tofauti yao: chikungunya huuma viungo vidogo vya mikono na miguu, na maumivu yanaweza kubaki miezi huku homa imekwisha zamani. Ukiona homa yenyewe imebaki, si chikungunya. Mgunda huuma misuli ya mashavu ya miguu kiasi cha kushindwa kuguswa, macho huwa mekundu bila usaha, kisha manjano na figo kushindwa. Hutoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, kwa hiyo uliza kuhusu majaruba ya mpunga, visima vya wazi na uwindaji wa panya wa porini. Doksisaiklini au penisilini mapema husaidia. Chelewa, utakuwa unatibu figo.

Kwa aliyelala porini upande wa Liwale na hifadhi ya Selous, akaumwa na mbung'o, maabara itafute malale kwenye slaidi ileile ya malaria. Kwa aliyelala nyumba ya udongo yenye papasi, na homa inayokuja siku tatu na kupotea wiki, slaidi itolewe wakati joto liko juu, kwa sababu vijidudu vya homa ya papasi huonekana wakati huo.

Jipu lililojificha, au vali ya moyo?

Yote mawili hushuka kidogo kwa antibayotiki na kurudi zikiisha. Jipu lina mahali. Gonga mbavu za chini upande wa kulia kwa ngumi laini: akishtuka, fikiria jipu la ini, na ultrasaundi italionyesha. La amiba hupona kwa metronidazo siku 7 hadi 10, na homa huanza kushuka ndani ya siku 3 hadi 5. Choo mara nyingi hakina amiba, kwa hiyo choo safi kisikudanganye. Mgonjwa anayelala amekunja paja moja na kukataa kulinyoosha ana jipu la soasi, msuli wa ndani unaotoka kiunoni hadi pajani, mpaka ithibitike vingine. Mgeuze pia, utazame makalio alikochomwa sindano. Jambo hili linasahaulika mno.

Vali haina mahali pa kuuma. Tafuta mtu aliyeambiwa utotoni ana ugonjwa wa moyo, mlio wa moyo unaobadilika, damu kwenye mkojo inayoonekana kwa kipimo tu, bandama, au kiharusi kwa kijana. Hapa damu ioteshwe mara tatu, sehemu tatu, ya kwanza na ya mwisho zikipishana angalau saa moja, kabla ya dawa yoyote. Kama ameshaanza dawa na hali yake ni tulivu, kuzisimamisha siku mbili tatu ili kuotesha upya ni uamuzi halali, ukifanywa na daktari mkuu wa wodi. Chupa moja kati ya tatu ikiota stafilokoka wa ngozi, huo ni uchafu wa mkono. Zote tatu zikiota mdudu mmoja, huo ni ugonjwa.

Homa iliyozaliwa kitandani

Homa iliyoanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa ni kesi nyingine, na hutatuliwa kwa macho kuliko maabara. Muuguzi wa zamu ndiye mwenye ufunguo.

| Unalinganisha | Dalili inayotenganisha | Cha kufanya kwanza |
|---|---|---|
| Kanula | Mshipa mwekundu, mgumu, unauma | Itoe leo, weka nyingine mkono mwingine |
| Mpira wa mkojo | Homa na kutetemeka, mkojo wenye usaha | Toa mpira, pima mkojo mpya |
| Damu kuganda mguuni | Mguu mmoja umevimba, pumzi fupi | Ultrasaundi ya mishipa |
| Kidonda cha mgandamizo | Harufu, usaha chini ya ganda jeusi | Geuza, safisha, kata nyama iliyokufa |
| Homa ya dawa | Joto juu, mgonjwa mzima wa uso, anakula | Simamisha dawa inayoshukiwa |

Mstari wa mwisho ndio unaokosewa zaidi. Homa ya dawa huanza mara nyingi siku ya 7 hadi 10, pengine na upele, pengine bila. Washukiwa ni kotrimoksazoli, jamii ya penisilini na seftriaksoni, fenitoini, na dawa za kifua kikuu. Ikisimamishwa, homa hushuka kwa kawaida ndani ya siku 2 hadi 3. Daktari anayeongeza antibiotiki ya nne kwa mgonjwa huyu anamwagia mafuta moto.

Matezi: chupa mbili, siyo moja

Tezi lililovimba likipatikana, homa imekupa mlango. Limfoma (saratani ya matezi) na kifua kikuu hufanana: homa, jasho, kukonda. Tezi za kifua kikuu hushikana na kulainika katikati. Za limfoma huwa kama mpira, moja moja. Lakini usihukumu kwa vidole. Tezi likitolewa, ligawanywe. Kipande kimoja kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kipande, kwa ajili ya hadubini. Kingine kiingie kwenye maji ya chumvi yasiyo na fomalini, kwa GeneXpert na kuotesha. Kosa la kawaida ni kutumbukiza tezi zima kwenye fomalini. Wadudu hufa na nusu ya swali inabaki bila jibu.

Na kabla ya tezi kutolewa, asipewe steroidi, yaani predinisoloni wala deksamethasoni. Dozi chache huyeyusha limfoma kiasi kwamba hadubini haioni kitu, na huamsha kifua kikuu.

Ukilazimika kujaribu dawa

Mgonjwa aliye hatarini hasubiri. Mwenye VVU anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, mapigo zaidi ya 120, joto zaidi ya 39, au asiyeweza kutembea mwenyewe, achomwe antibayotiki mara moja baada ya damu ya kuotesha kutolewa, na asipopata nafuu ndani ya siku 3 hadi 5, aanzishiwe dawa za kifua kikuu hata kama vipimo havijathibitisha. Homa ya kifua kikuu huchukua muda kushuka, mara nyingi wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, kwa hiyo usiamue kwamba dawa imeshindwa siku ya tano. Jaribio la doksisaiklini ni jepesi zaidi: mgunda na homa za kupe hushuka ndani ya siku 2 hadi 3, na isiposhuka umeondoa kundi zima kwa gharama ndogo. Jaribio la steroidi liwe la mwisho, na liamuliwe mahali penye vipimo vya saratani.

Mgonjwa aliye imara anaweza kungoja bila antibayotiki huku akipimwa joto kila saa 4, bila parasetamo ya saa maalumu inayoficha mwendo wa homa. Apewe pale tu anapoteseka.

Akipelekwa rufaa, iwe hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, chati ya joto iende naye, pamoja na karatasi moja yenye kila dawa aliyopewa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, ikiwemo ya duka la dawa na ya mizizi aliyokunywa nyumbani. Slaidi za awali ziende. Majibu ya kuotesha yanayosubiriwa yaandikwe namba ya sampuli na simu ya maabara, kwa sababu brusela inaweza kuota wiki ya pili au ya tatu, mgonjwa akiwa ameshahama wodi.